Jogoo wa Krismasi na Swali la Bibi Zaituni

Ilianza siku ya Krismasi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, tunaishi Kwedizinga, Handeni. Mimi ni mtu wa aibu sana... na aibu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Jirani yetu ni Bibi Zaituni. Sisi ni Wasambaa, Wakristo. Yeye ni Mzigua, Mwislamu. Mama alipolazwa Korogwe wiki sita, bibi huyu ndiye aliyenilea. Kila Jumapili alinipigia gauni pasi, akanipeleka kanisani, akanisubiri nje juani mpaka ibada iishe! Nani mwingine angenifanyia hivyo?

Ndiyo maana sikukuu zetu zote kuku huchinjwa na Mzee Rajabu, Mwislamu mwenzake, ili bibi ale nasi bila wasiwasi.

Siku hiyo mama alinituma na jogoo. Mzee Rajabu alikuwa kijiweni kwenye kahawa, katikati ya wanaume. Kabla sijafika, kijana mmoja akapaza sauti, "Msambaa huyo! Umembeba jogoo au jogoo kakubeba?"

Wakacheka wote. Ni utani tu wa Wazigua na sisi... lakini niliona aibu kupita katikati yao. Nikageuka. Nikaenda kumchinja mwenyewe kichakani, kwa kisu cha mboga.

Mchana bibi alikaa mkekani, akavuta sahani.

"Kachinja Mzee Rajabu, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, bibi."

Akasema bismillahi, akala. Tena akanisifia mchuzi!

Jioni Mzee Rajabu akapita kutusalimia. "Nyie Wasambaa, jogoo wangu mwaka huu mmempa nani? Mmenifukuza kazi?"

Mama akanitazama. Bibi akanitazama. Nikainama, nikawa nachokonoa mkeka.

Bibi hakupiga kelele. Aliomba maji, akanawa mikono upya.

"Ungeniambia, ningekula wali na maharage, tukacheka," alisema. "Kuku si kitu. Nilikuuliza, mjukuu wangu."

Mama amekwenda kuomba radhi mara tatu. Bibi anajibu vizuri tu, anasema amesamehe. Lakini Idi ilipita, sahani ya pilau haikuja. Pasaka tulimwalika, akasema tumbo linamsumbua. Yeye na mama walikuwa wakienda kisimani pamoja. Sasa kila mmoja ana saa yake. Yote kwa sababu yangu!

Wenzangu, mkiulizwa na mtu anayewaamini, semeni kweli palepale, hata mkichekwa. Wale wa kijiweni walinisahau siku ileile. Mimi hadi leo sijasahau, ninaandika haya nikilia...

Kesho yake baada ya Krismasi ile, saa kumi na mbili asubuhi, nilikwenda kufagia uwanja wa bibi, kama kila siku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akaja taratibu, akauchukua ufagio mkononi mwangu, akaanza kufagia mwenyewe, mgongo umepinda. Nilibaki nimesimama. Alipofika miguuni pangu akanizunguka, akaendelea.

Nikarudi nyumbani.