Wasomaji wa Mwezi wa Marehemu

Albina Kapinga alianza kazi kwenye maktaba ya Mbinga miaka ishirini na tatu iliyopita, akiwa msichana wa kupanga vitabu kwenye rafu. Akaenda Bagamoyo kusomea ukutubi, akarudi na cheti na miwani, na hatimaye akateuliwa mkuu wa maktaba ya umma katika mji mdogo kando ya Ziwa Nyasa, kati ya Lituhi na Ngumbo. Jina la mji tuliache, maana wenyewe bado wapo. Ukuu wenyewe ulikuwa wa vyumba viwili, mabenchi manane na mhudumu mmoja wa usafi, Mama Theresia, ambaye kwa umri wake hata mkuu alimwamkia shikamoo kila asubuhi. Lakini ukuu ni ukuu, na Albina aliupenda kama mtu anavyolipenda shamba alilolifyeka mwenyewe.

Oktoba mwaka jana ikaja barua kutoka mkoani. Maktaba isiyofikisha wasomaji thelathini kwa siku ingefungwa, na vitabu vyake vihamishiwe kwingine. Mkaguzi angefika Januari kukagua daftari la mahudhurio. Albina akalifungua daftari. Jana wasomaji tisa. Juzi saba, na wawili kati yao waliingia kukwepa mvua.

Hakulala siku tatu. Hakuwa na mume wala mtoto, alikuwa na maktaba.

Sasa, Albina alikuwa pia katibu wa jumuiya yake kanisani, na mambo ya Novemba yanajulikana. Huo ni mwezi wa marehemu. Kila familia huandika majina ya watu wake waliotangulia, katibu huyakusanya na kuyapeleka kwa padre, nayo husomwa kwenye misa ili waombewe. Mwaka ule karatasi za jumuiya zilikuwa na majina thelathini na manane. Majina ya kweli, ya koo za kweli, ya vijiji vya pale pale. Mkaguzi wa kutoka Songea angejulia wapi kuwa Tarsisi Ndimbo alizikwa zamani?

Basi akayanakili kwenye daftari. Jina, kijiji, kitabu alichosoma, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Tarsisi akampa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Salvatory Hyera, historia.

"Marehemu hawana kinyongo," alijisemea, akacheka peke yake.

Jina la mwisho kwenye karatasi alikuwa ameliandika yeye mwenyewe: Aurelia Kapinga, mama yake mzazi, aliyefariki miaka mitatu nyuma bila kuijua hata herufi moja. Hapo alisita. Kisha akampa kitabu cha mapishi.

Kila siku alizihitaji zile karatasi ili anakili upya. Nitazipeleka kesho, alisema. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi, na Novemba ikaisha. Padre Flaviani akasoma majina ya jumuiya nyingine zote. Ya jumuiya ya Albina hayakusomwa hata moja, yalikuwa kwenye droo ya maktaba.

Mama Theresia ndiye aliyeanza kulalamika.

"Mkuu, kuna mtu anaingiza usipa humu?"

Kweli, kulikuwa na harufu. Ile harufu ya dagaa wa ziwani walioanikwa wakakosa jua siku nne, wakaanza kulegea. Wakapiga deki kwa dawa. Wakafungua madirisha. Harufu ikabaki, na kila jioni Mama Theresia alikuta mabenchi yamelowa, kila mahali pa kukalia na maji yake, meusi kidogo, yenye udongo mwekundu.

Wiki moja kabla ya Krismasi Albina alichukua kitabu cha nyuki kutoka kwenye rafu. Kilikuwa kizito, kimevimba. Akakifunua, kurasa zikagoma. Akavuta. Zikaachana polepole, na katikati yake ukavutika ute mrefu kama wa bamia. Kila ukurasa ulikuwa umeguswa pembeni na kidole kilicholambwa, ukurasa hadi ukurasa. Kwenye ukurasa wa arobaini palibaki kitu cheupe kimenata. Alidhani ni karatasi. Akakibandua kwa ukucha, akakiinua kwenye mwanga. Ilikuwa ngozi ya kidole gumba, laini, na mistari yake yote.

Alitapika kwenye ndoo ya takataka. Akanawa mara tatu kwa sabuni ya kufulia. Chai ya siku ile ilimshinda, maana kikombe nacho kilikuwa na utando.

Hapo angeweza kuacha. Angezipeleka zile karatasi kwa padre siku ile ile. Lakini mkaguzi alikuwa amebakiza wiki chache tu. Akavaa glavu akaendelea kuandika majina.

Mkaguzi, Bwana Wilfred, alikuja saa nane mchana siku ya Jumanne, jua likiwaka mpaka bati linalia. Albina alitoka kumpokea nje kwenye gari. Maktaba aliiacha tupu.

Walipoingia ndani, imejaa.

Mabenchi yote. Hakuna nafasi. Vichwa vimeinama juu ya vitabu, na hakuna aliyeongea. Ulisikika ulimi tu. Wanalamba kidole, wanageuza ukurasa. Wanalamba, wanageuza. Midomo ilikuwa na udongo, na kila walipolamba, mate mekundu yalichuruzika hadi kwenye maandishi. Tarsisi Ndimbo alikuwa benchi la mbele. Upande mmoja wa shavu lake haukuwepo, na ulimi ulionekana ukifanya kazi.

Mama Theresia alifika mlangoni na fagio. Akatazama. Akaliweka fagio chini taratibu, akapiga ishara ya msalaba, akaondoka. Kazini hakurudi tena.

Bwana Wilfred yeye alifurahi.

"Hongera sana, Mkuu! Thelathini na wanane! Kumbe watu wa ziwani wanapenda kusoma hivi?"

Macho yake yaliona wavuvi. Alimpa Salvatory Hyera mkono, akaurudisha, akaufuta kwenye suruali mara mbili.

"Hawa wametoka majini moja kwa moja," alisema, akikunja pua. Akapiga muhuri. Maktaba haifungwi. Akasema jina la Albina angelifikisha mkoani lifikiriwe kwa cheo kikubwa zaidi. Kisha akaingia kwenye gari.

Albina alirudi ndani kuchukua mkoba wake. Alikuwa amepata kila alichokitaka. Akapita kati ya mabenchi amebana pua kwa mtandio. Asitazame. Asitazame. Mkoba ulikuwa mezani.

Benchi la mwisho, karibu na meza, alikaa mwanamke mdogo wa umbo aliyejifunga kitenge walichomzika nacho. Mbele yake kitabu cha mapishi. Amekishika juu chini.

"Albina," alinong'ona.

Sauti ilikuwa ile ile.

"Ulisema utaniombea."

Albina aliukamata mkoba.

"Nilikuwa nangoja jina langu. Likaitwa huku. Sijui kusoma, mwanangu. Nageuza tu."

Albina akaanza kulia. Machozi yalikuja yenyewe, na labda hapo ndipo mama alipofanya kama mama. Alilamba kidole gumba. Akaunyoosha mkono, akampangusa bintiye shavuni, chini ya jicho la kushoto, kama mama apangusavyo tongotongo la mtoto kabla ya kwenda kanisani.

Kilikuwa cha baridi. Kiliteleza. Mate yalinuka kaburi na usipa.

"Usiniguse!" Albina alipiga kelele, akausukuma ule mkono kwa nguvu.

Ngozi ya kidole cha mama ikachunika, ikabaki nzima mkononi mwa Albina.

Mama hakulalamika. Alikitazama kidole kilichobaki bila ngozi, akakificha haraka ndani ya kitenge, kama mtu aliyeumbuka mbele ya wageni. Akainamia kitabu chake tena. Mabenchi yote yaliendelea kulamba.

Albina alifika kwa Padre Flaviani bila viatu, karatasi zikiwa kifuani. Alisema yote. Padre alisikiliza hadi mwisho, uso umekunjamana.

"Mama Katibu, watu walikukabidhi wapendwa wao. Uliwapeleka wapi?"

Jumapili iliyofuata yalisomwa majina yote thelathini na manane, moja moja. Liliposomwa la Aurelia, Albina alitaka kusema neno, hata samahani tu, lakini padre alikuwa ameshamaliza. Siku ya pili yake mabenchi yalikuwa makavu. Harufu iliondoka kabisa. Akaandika barua mkoani kwa mkono wake mwenyewe, akakiri kuwa daftari lilikuwa la uongo. Maktaba ikafungwa Machi. Cheo akavuliwa, na sasa anagonga mihuri kwenye vitabu pale Mbinga, chini ya kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

Tatizo ni shavu. Halikauki.

Ni mahali padogo, upana wa kidole, chini ya jicho la kushoto. Wenzake kazini walidhani analia, wakamwonea huruma. Siku hizi wanakaa mbali kidogo kwa sababu ya harufu. Alikwenda kwa daktari mwezi uliopita. Hakuna kidonda, hakuna usaha, jicho ni zima. Daktari alipangusa kwa pamba na spiriti, pakakauka, Albina akashusha pumzi. Hazikupita dakika mbili. Palilowa tena.

Daktari akabandika pamba nyingine, akaibana kidogo, akaibandua. Akaipeleka dirishani. Alikaa nayo pale muda mrefu, maana kwenye ule unyevu mwekundu mistari ya kidole gumba ilijichora yote, kama kwenye fomu ya mtu asiyejua kuandika.

"Dada," alisema polepole, "nani amekushika hapa?"

"Mama yangu," Albina alijibu. Kisha akaomba ndoo ya kutapikia.