Fabiano Aacha Kuvuna

Kila asubuhi, Agneta alipofagia uwanja, aliitazama michikichi iliyo nyuma ya nyumba yao, nje kidogo ya mji wa Rumonge, kando ya ziwa. Mikungu ilikuwa imeiva, imekuwa myekundu. Machikichi yalianguka yenyewe, panya wakayala. Mumewe, Fabiano, alikuwa ndani akiimba nyimbo za kanisa.

Mhubiri mgeni alikuwa amepita akisema kwamba Bwana atarudi kabla ya kiangazi. Tangu siku ile Fabiano hakulishika tena panga lake.

"Baba Joanita, machikichi yanaoza," Agneta alisema.

"Yaache yaoze. Dunia yenyewe inapita."

Hakusema kwa hasira. Agneta naye hakubishana. Alichukua bakuli, akaenda kwa jirani yao Mariyamu, akarudi na unga wa muhogo. Haikuwa mara ya kwanza.

Mchana akaja Kezia, mwalimu aliyemfundisha Agneta kusoma katika darasa la watu wazima.

"Amahoro," alisalimu. "Mama Joanita, hatukuoni darasani."

Wakamkaribisha ugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Walipokuwa wakila, Kezia akauliza, "Mikungu iko mingi pale nyuma. Hamuvuni?"

Fabiano akamweleza maneno ya mhubiri. Kezia hakucheka.

"Na mimi ninamungoja Bwana," alisema. "Lakini kabla ya huyo mhubiri kuja, dunia ulikuwa unaiona namna gani?"

Fabiano alifikiri kwanza.

"Baba yangu alipanda michikichi hapa, akakimbia vita. Wengine wakavuna. Mimi nikapanda muhogo katika kambi ya wakimbizi, Tanzania. Kambi ikafungwa kabla sijaung'oa. Nilijua zamani, mwalimu. Anayepanda siye anayekula."

"Basi mhubiri alikukuta tayari. Ulikuwa umekwisha kuamini kwamba kesho si yako."

Fabiano akamega tonge la ugali. Kezia akaendelea taratibu.

"Wakristo wa kwanza katika mji wa Thesalonike waliteswa sana kwa imani yao. Kisha wakasikia kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika. Baadhi yao waliacha kazi. Labda walisema kama wewe, kwamba dunia inapita."

"Wakawa wanakula nini?"

"Chakula cha wenzao. Mtume Paulo akawaandikia kwamba kila mutu afanye kazi, ale chakula chake mwenyewe. Yeye pia alimungoja Bwana, lakini aliendelea kushona mahema. Lile mutu analoamini moyoni ndilo linalotuma mikono yake, Baba Joanita. Ni vizuri kulichunguza."

Fabiano alilitazama tonge lililokuwa mkononi mwake.

"Mama Joanita, unga huu umetoka wapi?"

"Kwa Mariyamu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kuvuna."

Mariyamu alikuwa mjane. Alianika ndagala za watu wengine ufukoni ili kuwalisha watoto wake. Fabiano alilirudisha tonge sahanini, akanawa mikono. 

Kesho yake alinoa panga, akakwea michikichi. Mikungu mingi ilikuwa imeharibika. Ile iliyofaa waliichambua, wakachemsha machikichi, wakayatwanga na kuyakamua. Chupa ya kwanza ya mawese Fabiano aliipeleka mwenyewe kwa Mariyamu.

"Murakoze," Mariyamu alishukuru. "Nilizani uko mugonjwa."

"Nilikuwa mgonjwa kidogo," Fabiano alijibu.

Kiangazi kilikuja, kikapita. Nyumbani unga ulikuwepo, na Agneta alirudi darasani. Fabiano hakuacha kusali. Mvua ziliponyesha, alichimba mashimo katika sehemu ya shamba iliyokuwa tupu, akaanza kupanda miche ya michikichi. Mchikichi huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Agneta alilijua hilo, naye alijua kwamba mumewe analijua.

"Hii tutaila sisi?" aliuliza.

"Sijui. Bwana akija kabla, atanikuta nina udongo mikononi."

Agneta akampa mche mwingine.