Waumini wa Kanisa Lililobomolewa

Kadi ile ya posta, yenye picha ya kanisa la kale, ilikuwa na unyevu tangu Rozenn alipoinunua gulioni, katika mji wa Quimper. Alidhani ni mvua. Akaikausha kando ya jiko la kuni, akaipachika kwenye albamu pamoja na kadi zake nyingine za makanisa. Kesho yake ilikuwa imelowa tena, na chumba kizima kilinuka mshumaa uliozimwa sasa hivi.

"Kanisa gani hilo?" akauliza mumewe, Hervé, kikombe cha kahawa mkononi.

"Lilibomolewa kabla mama hajazaliwa. Nimeitafuta kadi hii maisha yangu yote."

"Nami nilidhani ulikuwa unanitafuta mimi!"

Wakacheka.

Siku chache baadaye Rozenn alifungua albamu. Wanawake wenye kofia ndefu nyeupe, waliosimama miaka yote kwenye kadi nyingine, mbele ya kanisa kuu, hawakuwapo. Akafunua kurasa. Kwenye kadi ya nyumba ya watawa punda alikuwapo, aliyempanda hayupo. Wote walikuwa kwenye kadi ile mbichi, wamempa mgongo, wakielekea mlango uliokuwa wazi na mweusi ti.

Angekuwa mtu mwingine angeichoma palepale. Rozenn aliifunga albamu, akairudisha mahali pake. Hakuwa tayari kuikosa kadi ile.

"Nani anapiga kengele?" Hervé akauliza mchana ule.

"Sisikii kitu."

"Wananiita, Rozenn," akanong'ona, na hakugusa chakula.

Jumamosi Rozenn alirudi na mkate akamkuta mumewe kitini, macho wazi, anapumua lakini haitiki, na alipomshika mkono ulikuwa baridi kama jiwe la msingi, na ile harufu ya mshumaa ilikuwa ikimtoka mdomoni, na albamu ilikuwa magotini pake, na kwenye kadi, nyuma ya umati, alisimama mzee mmoja wa leo kabisa, amevaa fulana ya sufu ambayo Rozenn mwenyewe aliifuma.

Rozenn alimpigia simu Padri Goulven wa parokia yao, naye akaja mbio. Aliitazama kadi, akafanya ishara ya msalaba.

"Mna kitu mle kanisani kilichobaki bila waumini, mama. Kinajikusanyia."

"Nirudishie mume wangu, Padri!"

"Mwite wewe. Jina mnaloitana mkiwa wawili tu. Upesi, anakaribia kizingiti."

"Vévé!" Rozenn akaiitia ile kadi. "Vévé wangu, rudi nyumbani!"

Kitini, kifua kikapanda. Mkono ukapata joto. Hervé akapepesa macho, akatabasamu.

"Nimerudi," akasema.

Rozenn alimwangukia shingoni akilia kwa furaha. Padri hakungoja, aliichomoa kadi, akaitupa motoni. Ilifuka mvuke kwanza, kisha ikashika, ikajikunja, na ndipo kutoka ndani ya jiko zikatoka sauti za watu wengi wakilia, wanawake kwa wanaume, na juu ya zote sauti moja ambayo Rozenn alikuwa ameamka nayo kila asubuhi tangu ujana wake.

"Rozenn! Mimi niko huku! Aliyekuitika si mimi! Rozenn, naungua!"

Rozenn alijitupa kuelekea kwenye lile jiko, lakini mkono uliokuwa mabegani pake ulimkaza pale pale. Padri Goulven alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, sala imempotea.

"Funga mlango wa jiko, Padri," alisema aliyekuwa kitini, kwa upole. "Mke wangu anaingiwa na moshi machoni."