Mkono wa Kulia wa Sitati

Dada yangu Jelagat ana sauti ambayo ukiisikia ukiwa jikoni unasahau kugeuza chapati. Mimi sina. Kwetu sauti ilipita mlango wangu ikaingia kwake, nami nikabaki na mdomo wa kuuzia mayai, ambao pia si haba. Wala msidhani namwonea wivu. Ningemwonea wapi, na sauti hiyo ndiyo iliyomletea mume kama Sitati?

Sitati ni shemeji yangu, fundi wa redio na runinga hapa Free Area, Nakuru. Mtu safi, hanywi, hapigi mtu. Ila ana wivu. Mpiga gitaa wa kanisa akimsalimia Jelagat kwa mikono miwili, Sitati anahesabu vidole. Dada yangu alipoanza kuitwa studio za mjini kuimba kwenye nyimbo za watu, shemeji alimsindikiza kila mara, akakaa kwenye benchi akimkodolea produsa macho kupitia kioo mpaka produsa anakosea kubonyeza. Mwishowe akakata shauri. Studio itakuwa nyumbani. Mkewe ataimba kwake, na wa kumpigia ngoma atakuwa yeye mwenyewe.

Chumba kilikuwepo, kile cha wageni. Trei za mayai nilimpa mimi, akazigundisha ukutani kuzuia mwangwi, na mlangoni akatundika godoro kuukuu. Kompyuta aliiunda kutokana na mbili zilizokufa. Maikrofoni akaazima kwa binamu yake. Kilichobaki kilikuwa ngoma, zile za kanisani, zenye ngoma kubwa ya mguu na matoazi. Mpya hazikushikika kwa bei. Akatafuta za mkono wa pili kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu, akapata seti huko Kihoto, Naivasha, kwa bei rahisi hadi nikamuuliza kama zimeibwa.

"Ni za mathe fulani," alinijibu. "Amechoka kuziona tu."

Tulienda Jumamosi asubuhi na gari langu la kubebea mayai, Probox. Jua lilikuwa zuri, vumbi jeupe la machimbo ya Kariandusi likiingia dirishani, na Sitati akigonga dashibodi kwa furaha. Jelagat alitaka kuja. Akakatazwa, eti huyo mama anaweza kuwa na vijana wa kiume.

Kihoto maji ya mafuriko yalikuwa yamerudi ziwani, lakini yaliacha alama. Kila ukuta ulikuwa na mstari wa kahawia usawa wa madirisha, na matete yalikuwa yameota palipokuwa na sukuma wiki. Yule mama, Wangare, alitupokea akiwa amevaa gambuti, viatu vya mvua, ingawa ardhi ilikuwa kavu. Ngoma zilikuwa sebuleni, zimepandishwa juu ya mawe.

Sitati alipiga magoti. Akagonga kila ngoma ubavuni kusikiliza kama mbao ina ufa, akafungua na kufunga skrubu zote, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa matoazi. Kutu ilikuwa kidogo. Ngozi moja ilikuwa imelegea. Mbao zilikuwa nzima kabisa.

"Hizi ziliingia maji?" akauliza.

"Ziliokolewa," Wangare akasema.

"Na kiti chake?"

"Kiti hakipo."

Hakuwa anamtazama Sitati usoni. Alikuwa anatazama mikono yake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, utadhani kuna mgonjwa chumba cha pili.

"Kwenu kuna mwanamke anaimba?"

Mume mwingine yeyote angejisifu. Angetoa simu, amwekee mama wimbo. Lakini shemeji yangu hajawahi kumwambia mgeni kwamba mkewe anaimba. Kwake hiyo ni sawa na kulala geti likiwa wazi.

"Hakuna," akasema. "Ni mimi tu, mathe."

Nilimtupia jicho. Nilishamzoea.

"Basi beba," Wangare akasema. Tulipoanza kupakia, aliingia ndani akafunga mlango.

Kesho yake baada ya kanisa Sitati aliziunga, akakalia kreti ya soda, akaanza. Mimi nilikuwa hapo na kikombe changu cha chai. Sitati hupiga ngoma vile anavyotembea, mbio mbio, anafika mwisho wa wimbo kabla ya wenzake. Siku hiyo pia alikuwa vilevile. Kisha Jelagat akapita koridoni na sufuria, akiimba chini chini, mawazo yake kwenye chakula.

Mkono wa kulia wa Sitati ukapunguza mwendo.

Niliuona. Ulimngojea, halafu ukaanza kumfuata taratibu, vile mtu humshika mzee kiwiko akivuka barabara. Jelagat alipovuta pumzi, ulitulia. Alipopanda, ulipanda. Dada akaweka sufuria chini, akaingia, akaimba kwa sauti yake yote huku amefumba macho. Sijawahi kumsikia akiimba hivyo. Machozi yalinitoka na chai ikapoa mkononi.

"Sitati," akasema walipomaliza. "Kumbe huwa unaniskiza."

Shemeji alicheka kwa raha. Lakini alikuwa anajipangusa kiganja kwenye suruali, na palipopanguswa palibaki alama ya maji.

Wimbo huo wakaurekodi, ukatoka. Ukachezwa kwenye vibanda vya Free Area, kwenye harusi, mpaka kinyozi jirani akawa anaurudia siku nzima. Kwaya zikaanza kuja kurekodi, kutoka Njoro, kutoka Molo. Lakini kwaya zilimpata Sitati yuleyule wa mbio mbio, zikaondoka zimenuna. Ni Jelagat akiimba tu ndipo ngoma zilipokuwa ngoma. Watu waliniuliza ni nani anayempigia dada yangu. Nikiwaambia ni mumewe, walicheka.

"Wacha. Sitati gani? Huyu wa kutengeneza redio?"

Maneno hayo yalimfikia. Badala ya kujivuna, akaanza kukonda.

Mchana mmoja akaja dukani kwangu. Mkono wa kulia alikuwa ameufunga kwa leso ya mfukoni. Alingoja wateja waondoke, akasogea karibu.

"Shemeji," akanong'ona. "Si mimi."

"Si wewe nini?"

"Nikikaa hapo, nafikiria nipige hivi. Huu mkono unapiga vile unataka. Saa zingine tunakula, ama Jelagat anaosha vyombo akiimba, unaanza kugonga meza. Na yeye anajua. Anaujibu. Wanacheka pamoja."

Nilimsogezea kiti.

"Akilala anaushika huu," akasema, akiinua ule wa leso. "Huu mwingine akiupata, anausukuma."

Nilimwonea huruma, na niliogopa, vyote pamoja. Nimeona wanaume wakimwonea wivu mwalimu wa kwaya, jirani, hata mchungaji. Sijawahi kuona mtu akiuonea wivu mkono wake mwenyewe.

Tulirudi Kihoto. Wangare alitusimamisha mlangoni. Hakutaka hata salamu.

"Nilikuuliza," akamwambia Sitati. "Ukaniambia hakuna."

Sitati akainamisha kichwa. Mama akalegea kidogo, akatuambia. Ngoma zilikuwa za kijana wake, Kiarie. Alizipiga katika kanisa lililokuwa kando ya ziwa, na pale kanisani alikuwa anampigia msichana mmoja tu. Wengine wakiimba, mikono yake ilikuwa ya kawaida. Msichana akaolewa Gilgil. Kiarie akaacha ngoma. Hakuzigusa tena mpaka ziwa lilipoingia kanisani na waumini wakaomba mtu wa kuzitoa.

"Alizibeba juu ya kichwa, moja moja," Wangare akasema. "Maji yamefika hapa kiunoni. Mimi nazipokea mlangoni. Ikabaki kiti. Nikamwambia wachana nacho. Akaniambia, mum, kuna mtu anaimba huko ndani. Akarudi."

"Nani alikuwa anaimba?" nikauliza.

"Mimi nilikuwa hapo mlangoni, mama. Hakuna mtu alikuwa anaimba."

Walimpata kwenye matete.

"Tutakurudishia ngoma zako leo," Sitati akasema.

"Za nini? Hayuko kwa ngoma tena." Akautazama ule mkono uliofungwa leso. Nilijua macho yale. Ni macho ya mzazi siku ya kutembelea watoto shuleni. "Mwambie mkeo asiimbe," akasema, akafunga mlango.

Sitati alimwambia mkewe jioni hiyohiyo, mbele yangu. Jelagat alikuwa anamenya viazi. Dada yangu ni mpole, hata kuku anamfukuza kwa adabu. Lakini siku hiyo aliweka kisu chini.

"Ulinikataza studio za town, nikaacha. Ukanikataza kwaya, nikaacha. Hapa ni kwako, Sitati. Naimba na wewe. Sasa shida ni gani?"

Sitati alienda akazifungua ngoma zote, akazirundika stoo na kufuli juu. Haikusaidia. Jelagat aliendelea kuimba, na mkono uliendelea kumpigia juu ya meza, juu ya kiti, juu ya goti la Sitati mwenyewe.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Ilikuwa mchana, jua la utosi. Nilikuwa nimesimamisha Probox mbele ya geti lao, Sitati ananisaidia kushusha trei. Jelagat alikuwa anaanika nguo. Akaanza kuimba.

Mkono wa Sitati ulikuwa juu ya gari.

Ukaanza kugonga bati.

Taratibu. Kwa upendo, sina neno lingine. Sitati akauondoa kwa ule wa kushoto. Ukarudi. Akauondoa tena. Ukarudi. Jelagat akageuka, shati likiwa limening'inia mkononi, akatabasamu. Sitati aliliona tabasamu hilo. Aliona pia linaelekea wapi.

Akafungua mlango wa gari. Akauweka mkono ukingoni. Akaubamiza mlango kwa nguvu zake zote.

Jelagat alipiga yowe. Mimi niliangusha trei nzima. Sitati hakutoa sauti. Nilimwona uso, na ndio unaonisumbua mpaka leo, kwa sababu haukuwa uso wa mtu aliyeumia. Ulikuwa wa mtu aliyemfumania mwizi wake.

Hospitalini walimfunga plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko. Wiki zote hizo Jelagat hakuimba. Aliongea kidogo, akapika, akafua. Sitati akaanza kunenepa. Akarudi kunitania dukani. Akaniambia sasa nyumba yake imetulia, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi pamoja naye.

Siku ya kutoa plasta tulienda hospitalini sote watatu. Mhudumu alikuwa kijana mchangamfu. Alikata kwa msumeno wake mdogo huku akituuliza habari za bei ya mayai. Plasta ilikuwa kavu, inatoa vumbi jeupe. Akaipanua.

Maji yakamwagika mezani.

Si jasho. Maji. Yalitiririka mpaka ukingoni, yakadondoka sakafuni, na chumba kikanuka tope la ziwa. Mkono ulikuwa mweupe, umevimba, ngozi imejikunja kama ya mtu aliyefua nguo tangu asubuhi.

"Ulikuwa unaoga nayo?" mhudumu akauliza.

"Hapana," Sitati akasema.

Kijana aliokota vipande vya plasta, akavigeuza, akavibonyeza. Vilikuwa vikavu. Hakuuliza tena. Alienda kutafuta kitambaa cha sakafu na hakuwa na haraka ya kurudi.

Jelagat akavuta kiti. Akafungua leso yake kiunoni, akaanza kuukausha mkono, kidole baada ya kidole. Alikuwa anaimba, chini sana, midomo haifunguki.

Sitati alinitazama. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Shemeji," akanong'ona. "Mwambie anishike."

"Amekushika."

"Sihisi."

Nikaangalia. Vidole vilikuwa vimeingiana na vya dada yangu. Vilimbana mpaka pete ya ndoa ikawa imezama kwenye nyama, na Jelagat hakuwa anajaribu kujitoa.