Nani Anashika Breki?

Ijumaa alasiri, nyumbani kwa Haron Machogu huko Manga, hakukaliki. Sabato huingia jua likizama, na kabla ya hapo chakula kiwe kimeiva, nguo zimepigwa pasi, gari limeoshwa. Mkewe Jacinta, mama wa mtoto wao Ochoki, alikuwa jikoni akichemsha ndizi za kesho. Mama mzazi wa Haron, Nyanchoka, alikuwa ameketi mlangoni akikanda magoti yake. Magoti hayo yalikuwa mabovu. Bila gari la Haron, mama hafiki kanisani.

Kuosha gari ilikuwa kazi ya Haron. Lakini Haron hakuwepo. Alifunga duka lake la vifaa vya ujenzi pale Mosocho, kisha akaenda kibandani kwa Duke.

Duke aliuza simu. Kando na simu, alifungua huduma za magari bila ruhusa ya kampuni zilizoyatengeneza. Na gari la Haron lilikuwa na huduma moja iliyofungwa. Lingeweza kushika breki lenyewe likiteremka mlima, dereva akabaki na usukani tu. Lakini kila Haron alipobonyeza skrini, ilitokea alama ya kufuli: lipia kwanza, kila mwaka.

"Gari nimenunua mimi," Haron alilalamika. "Breki ni zangu. Wananiuzia nini tena?"

"Hao wamezoea kula watu, mkubwa," alisema Duke. "Nipe neno la siri la akaunti ya gari."

Haron akampa, hivi hivi tu, kama mtu anayempa jirani kiberiti. Duke akachomeka waya chini ya usukani. Baada ya muda, kufuli likatoweka.

"Twende tujaribu kwenye mteremko," alisema Duke.

Haron akatazama jua. Lilikuwa limeshuka sana. "Hapana. Sabato isinikute huku nikifanya biashara. Mama hatanielewa."

Akaondoka mbio. Jioni alimnong'oneza Jacinta habari hiyo. Jacinta akaweka mwiko chini.

"Baba Ochoki, umekimbia ili usivunje Sabato, na ukarudi na kitu cha magendo? Mama umemwambia?"

"Mama anajua nini kuhusu kompyuta?"

"Anajua kuketi ndani ya hilo gari," alisema Jacinta.

Haron akatoka nje. Kichwa kigumu huyo, ukimwambia kitu ananyamaza, halafu anafanya vilevile.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi barabara ya udongo ilikuwa ikiteleza. Mama Nyanchoka aliketi mbele, Biblia mapajani. Jacinta aliketi nyuma pamoja na jirani yao Lavender, fundi wa umeme wa magari katika mji wa Kisii. Walipofika kwenye mteremko mkubwa, kushoto kulikuwa na ukingo wa udongo. Kulia kulikuwa na bonde, na chini kabisa mashamba ya chai.

Haron akabonyeza skrini. Akaondoa mguu kwenye breki. Gari likateremka taratibu, lenyewe, naye akatabasamu.

Ghafla breki ikaachia. Ikashika. Ikaachia tena. Taa nyekundu zikawaka mbele yake, na gari likaanza kukimbia.

"Haron, polepole," alisema mama.

Haron akakanyaga breki kwa nguvu. Magurudumu yakateleza kwenye tope. Gari likaanza kuvutwa kulia, kwenye bonde. Alisikia mama akiomba kwa Ekegusii, lugha yao ya nyumbani.

"Achia kidogo!" Lavender alipaza sauti. "Kanyaga polepole! Gia ya chini! Elekea kwenye ukingo!"

Haron akatii. Gari likapunguza mwendo, likasugua ukingo wa kushoto, likasimama. Hakuna aliyeumia. Biblia ya mama ilikuwa imeanguka miguuni.

Lavender akainama mbele, akatazama skrini.

"Baba Ochoki, nani amekufungulia hii?"

Haron akaeleza yote, macho chini.

"Ameweka programu ya gari lenye breki za aina nyingine," alisema Lavender. "Na neno lako la siri analo. Akitaka anaweza kuona gari liko wapi. Likileta shida, kampuni haitalitengeneza bure, na bima wanaweza kukukatalia."

"Lakini ni gari langu," alisema Haron kwa sauti ndogo.

"Hapo una hoja, hata mimi inaniudhi. Lakini ulikubali masharti ulipofungua akaunti. Ukiona unaonewa, lalamika waziwazi. Andikia kampuni. Nenda kwa watetezi wa wateja. Au kaa bila hiyo huduma. Mtu akichukua misumari yako kwa sababu amelipia saruji, utakubali?"

"Sikubali."

"Na hata tukiliacha hilo. Mama aliulizwa kama anataka kujaribiwa kitu hiki?"

Haron akamgeukia mama yake. Aliona aibu. "Nisamehe, mama. Sikukuambia."

Mama akafungua mlango. Alishuka, akashikwa mkono na Jacinta, akaenda kanisani kwa miguu sehemu iliyobaki, na magoti yake yaleyale. Haron alifuata nyuma akiwatazama.

Jumatatu Haron alipeleka gari kwa wakala wa kampuni. Alisema ukweli wote. Programu ya Duke ikafutwa, breki zikapimwa, neno la siri likabadilishwa. Aliandika malalamiko pia, akauliza kwa nini huduma ya usalama iuzwe kama pambo. Lavender akamfundisha kuteremka kwa gia ya chini, na siku za mvua kubwa kupitia barabara ya lami, hata kama ni mzunguko.

Kufuli lilirudi kwenye skrini. Sabato iliyofuata, Haron alifungua mlango wa mbele. Mama Nyanchoka akasimama nje, ameshika fimbo yake.

"Leo nani anashika breki?" aliuliza.

"Ni mimi, mama. Mguu wangu."

Mama akamtazama usoni, kisha akatazama kiatu chake.

"Basi nisaidie nipande," alisema.