Fundi Saa Ajikuna Anapofikia

Fundi saa aliishi peke yake katika vyumba viwili. Mke wake alikuwa mshonaji, na chumba cha pili alikilipia yeye. Alipofariki, fundi aliendelea kukilipia. Ndani yake mlikuwa na cherehani tu, na vumbi.

Siku hizi watu hutazama saa kwenye simu. Wateja wake walikuwa wa kuhesabu. Kila ikifika tarehe ishirini, mfuko ulikuwa mtupu, akaanza kukopa. Jioni alikunywa chai kavu akalala. Hakumwambia mtu. Aibu ilimziba mdomo.

Jumamosi moja jirani yake, muuguzi, alimkuta amekaa mlangoni, amekonda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Umekula?"

Fundi alitikisa kichwa. "Pesa haifiki mwisho wa mwezi," akasema.

Muuguzi aliketi. "Wahenga walisema, jikune unapofikia."

"Msemo huo nausikia tangu utotoni. Maana yake hasa nini?"

"Mkono una urefu wake, baba. Kipato nacho kina urefu wake. Matumizi yakipita hapo, unakopa. Hebu tuandike. Kinachoingia upande huu, kinachotoka upande ule."

Waliandika nyuma ya bahasha. Kodi peke yake ilikula zaidi ya nusu ya kipato.

"Kile chumba cha pili nani anakitumia?"

"Mama yenu."

Muuguzi aliweka kalamu chini.

"Mgongo wangu yeye ndiye aliyeukuna, pale nisipofikia," fundi alisema. Alicheka kidogo, kisha akajifuta macho.

"Mlikuwa mikono miwili, baba. Sasa ni mmoja."

Mwisho wa mwezi fundi alikirudisha chumba kwa mwenye nyumba. Cherehani hakuiuza. Aliisogeza karibu na kitanda, akabaki na pa kupita tu. Pesa ikiingia, alitenga kwanza ya kodi na chakula, halafu ya deni, kidogo kidogo. Kisichokuwa na fungu, hakukinunua.

Mwezi wa nne tangu hapo alimaliza deni. Tarehe thelathini alinunua mkate na maziwa kwa pesa yake mwenyewe. Alikula akashiba, akageuka amwambie mtu. Chumba kilikuwa kimya.

Akavaa viatu, akaenda kubisha kwa muuguzi.

"Kuna nini, baba?"

"Hakuna kitu. Leo ni tarehe thelathini, na nimekula."

"Ingia ndani," muuguzi alisema. "Ukae kidogo."