Karani Aliyetia Sahihi Asichokiona

Jamaa zangu wa Mtwara, na ninyi wa Mikindani mpaka huko Ruvuma inakoingia baharini, nipeni masikio niwasimulie habari za Shabani Namkoma. Ni habari za mtu aliyekosa, na bado nazisimulia kwa fahari. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Mwaka 1953, gati la Mtwara lilipokuwa likijengwa, nyumba ya Shabani ilikuwa tulivu kuliko zote mtaani kwao. Asubuhi mkewe Zuhura alitenga chai na mihogo ya kuchemsha, binti yao Salma akasoma juzuu yake barazani, na Shabani mwenyewe akapiga pasi ya mkaa kaptura yake ya kaki, maana hakumwamini mtu mwingine kwa mikunjo ile. Saa moja kamili baiskeli yake ilikuwa njiani.

Alikuwa karani wa Bima ya Neema, kampuni kubwa ya bima ya afya yenye makao yake Dar es Salaam. Kila kibarua wa gati, wa reli na wa mashamba ya mkonge alikatwa kidogo katika mshahara wake. Akiugua au akiumia kazini, kampuni ilimlipia hospitali na kuipa nyumba yake posho mpaka apone. Kazi ya Shabani ilikuwa kumfuata mgonjwa kwake, kumwona, kuandika alichokiona na kutia sahihi. Karatasi yake ndiyo iliyofungua mlango au kuufunga.

Wamakonde wa vijiji vyetu hawakuwa wamewahi kumwona mwenzao kwenye meza kama ile. Alipopita na baiskeli, wazee walimpungia kofia. Na kwa miaka mitatu alistahili. Alisukuma baiskeli kwenye mchanga mpaka Msimbati, kule Ghuba ya Mnazi, kwa ajili ya mpiga nyundo mmoja aliyevunjika mkono. Alivuka mabonde yaliyojaa maji. Watu walimletea kuku na vikapu vya korosho, naye akavirudisha vyote. "Sijala hata yai la mtu," alipenda kusema, na ilikuwa kweli.

Tatizo halikuja na rushwa, ndugu zangu. Lilikuja na sifa.

Masika ya mwaka ule alikuja meneja mpya, Mzungu mwembamba aliyependa kuona meza tupu. Siku moja alisimama mbele ya makarani wote akasema, "Mtazameni Shabani. Faili halilali kwake. Mkiwa kama yeye, kampuni hii itafika mbali." Shabani alirudi nyumbani akiwa kama amevishwa joho.

Kuanzia hapo aliogopa kitu kimoja tu, kuchelewa. Mvua iliponyesha na njia ya kijiji cha Mpapura ikawa tope tupu, faili la mgonjwa wa huko lilikuwa mezani. Aliliangalia, akaangalia dirishani, kisha akaandika: "Mgonjwa ameonekana kwake akitembea na kufanya kazi za shamba. Hana dhara." Akagonga muhuri wa kukataa, akatia sahihi.  Safari ya pili hakuangalia hata dirishani. Mvua zikaisha, njia zikakauka, lakini sentensi ile ilikuwa imeshazoea kuandikwa.

Karani mkuu, Mohsinali, mtu wa Mikindani aliyekuwa amezeekea ofisini, alimwuliza siku moja, "Bwana Shabani, jana nilikuona hapa tangu asubuhi mpaka jioni. Huyu wa Mpapura ulimwona saa ngapi?"

"Bwana Mohsinali, mimi sasa namjua mwongo kwa kuangalia karatasi yake tu."

Mohsinali alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Karatasi haiugui," alisema, akaendelea na kazi yake.

Mwezi wa tano, Zuhura alikwenda Mpapura kwenye arobaini ya shangazi yake. Baada ya hitima, wakati wanawake wanaosha sufuria, alisikia mtu akiguna nyumba ya jirani, mguno wa mtu aliyekwisha choka kupiga kelele. Akauliza. Mwenye nyumba, mjane aitwaye Bi Mwanahawa, akamchukua ndani.

Mwanawe Hamisi alikuwa amelala kitandani, kijana wa miaka ishirini na mitano, mguu wa kushoto umefungwa matambara. Boriti ya gatini ilikuwa imemwangukia. Dresa, mhudumu wa vidonda pale gatini, alimfunga akasema apelekwe hospitali kwa cheti cha bima. Cheti hakikuja. Ilikuja barua.

"Wamesema anatembea, mwanangu," Bi Mwanahawa alisema. "Wamesema ameonekana analima. Hebu nisomee tena, labda yule aliyenisomea alikosea."

Zuhura aliishika ile barua. Hakuhitaji kuisoma mpaka mwisho. Aliijua ile sahihi yenye mkia mrefu, ndiyo iliyokuwa kwenye cheti cha ndoa yake. Alitamani ardhi ipasuke. Alimwangalia yule mama, akamwangalia kijana, akainusa harufu ya mguu ule.

"Hakukosea, mama," alisema. "Aliyekosea ni aliyeandika. Niazime barua hii, nitairudisha."

Shabani alikuwa anakula wali na samaki mchana wa kesho yake pale Zuhura alipoingia. Hakuvua hata kanga ya safari. Aliweka barua kando ya sahani.

"Baba Salma, huyu Hamisi ulimwona wapi akilima?"

Shabani alitazama barua. "Mambo ya ofisi hayaletwi mezani."

"Nakuuliza ulimwona wapi."

"Mama Salma, mafaili ni mengi. Wengi wao ni wavivu wanaotaka posho ya bure. Wewe unajua mimi si mtu wa dhuluma. Sijala hata yai la mtu!"

"Najua," Zuhura alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Hukula yai la mtu. Umekula mguu wa mtu. Unaoza, Baba Salma, nimeunusa. Na mama yake amenikaribisha, akanipa maji, hajui kwamba mimi ni mke wako. Nami sikuthubutu kumwambia. Miaka kumi na mbili nimejivunia kuwa mkeo, leo nimelificha jina lako kama mwizi."

Shabani alinawa mikono. Chakula kilibaki vilevile. Hakurudi ofisini mchana ule; alichukua baiskeli, akashika njia ya Mpapura.

Alipoingia chumbani kwa Hamisi alivua kofia. Bi Mwanahawa alimjua kwa kaki zake. "Karibu, bwana karani," alisema. "Tulikungoja sana."

Hakuna matusi ambayo yangemchoma kuliko maneno yale. Hamisi alifumbua macho, akajaribu kuinuka kwa heshima, akashindwa. Shabani akapiga magoti sakafuni, akafungua matambara kwa mikono yake mwenyewe. Aliangalia mpaka mwisho. Kisha akatoka nje, akaenda barabarani kusimamisha lori la mkonge limchukue Hamisi mpaka hospitali.

Daktari wa hospitali ya serikali aliukata mguu chini ya goti jioni ileile. "Siku mbili zaidi, tungekuwa tunamzika," alisema. Shabani aliandika kwenye hati ya hospitali kwamba kampuni italipa, na kama haitalipa, atalipa yeye.

Asubuhi ya pili alimwomba Mohsinali amfungulie kabati. Akatoa kila faili lililokuwa na ile sentensi yake. Yalikuwa kumi na mbili, pamoja na la Hamisi. Akaandika barua kwa meneja: wagonjwa hawa niliandika kuwa nimewaona, nami sikuwaona. Nilisema uongo. Naomba wote wapelekewe daktari, na waliofungiwa posho warudishiwe.

Meneja aliisoma akiwa amesimama. Alifunga mlango.

"Shabani, huyu mwenye mguu tutamlipa. Tutasema karatasi zilichanganyika. Hayo mengine yarudishe kabatini. Barua hii nitaichana, nawe utabaki kwenye meza yako. Mwakani nataka kukupeleka Lindi uwe mkubwa wa tawi."

Ndugu zangu, msidhani ni rahisi. Shabani aliniambia mwenyewe kwamba pale moyo wake ulikwenda Lindi ukarudi. Aliona nyumba ya bati, aliona Salma akisoma shule nzuri. Na hakuna ambaye angejua.

"Bwana," alisema, "nimekwisha andika nakala. Imekwenda Dar es Salaam na posta ya asubuhi. Bwana Mohsinali ameitia sahihi kama shahidi."

Meneja alikaa kitini taratibu. "Unajua unajifukuza mwenyewe?"

"Najua, bwana."

Haikupita wiki, makao makuu yakatuma mkaguzi. Shabani alimwongoza kijiji kwa kijiji, akigonga milango, akisema jina lake na kosa lake kabla ya kuombwa. Wengine walimtukana. Mzee mmoja wa mashamba ya mkonge alimtemea mate kifuani, naye hakujifuta mpaka walipotoka uani. Wagonjwa kumi na mmoja walipata haki yao. Wa kumi na mbili, Mussa wa Msimbati, alikuwa amekwisha kufa kwa kifua mwezi mmoja kabla.

Meneja alihamishwa. Shabani aliondolewa kwenye meza, na kwa kuwa alisema kweli mwenyewe hawakumfukuza kabisa. Wakamfanya tarishi wa kupeleka barua. Mtu mzima, aliyekuwa akipungiwa kofia, sasa anabeba mkoba wa barua na kungoja mlangoni. Kisimani wanawake walimcheka Zuhura.

"Cheo kimeyeyuka, bibi!"

Zuhura alijitwika ndoo yake, akasimama wima kabisa. "Kimeyeyuka, na mimi leo nalitaja jina la mume wangu kwa sauti popote. Shabani Namkoma. Umesikia? Nendeni Mpapura mkalitaje." Hakuna aliyemcheka tena.

Na kweli, Mpapura walilitaja. Mwaka 1955 vibarua wa gati walipounda chama chao, walitaka mtu wa kuwasemea wagonjwa mbele ya kampuni ya bima. Hamisi, akiegemea gongo lake, ndiye aliyesimama mkutanoni. "Mtu huyu alinipotezea mguu," alisema. "Lakini ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akienda kujishitaki. Akisema amemwona mgonjwa, mimi nitamwamini." Mikono ikainuka ukumbi mzima. Shabani alilia mbele ya watu wala hakuficha uso.

Siku aliyokabidhiwa kazi hiyo, hakwenda kusherehekea. Alikwenda Msimbati, kwa Rehema, mjane wa Mussa. Zuhura alifuatana naye. Rehema alikuwa akitwanga mtama. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuweka mchi chini.

"Kusamehe siwezi," alisema. "Labda Mungu akinijalia siku moja. Leo siwezi, sitakudanganya."

"Sikuja kukulazimisha, dada."

Mchi ukapanda na kushuka mara kadhaa. Kisha Rehema akanyoosha mkono kuelekea nyumba ya tatu, yenye mlango wa makuti. "Mule kuna mtu wa reli. Wiki ya pili sasa haoni vizuri, na hakuna aliyekuja. Kama kazi yako ni hiyo, nenda ukamwone."

Shabani akapiga hodi, akaingia, akavuta kigoda karibu na kitanda. Zuhura alingoja nje kwa Rehema, akamsaidia kupepeta. Jua liligeuka upande wa pili na mumewe bado alikuwa ndani, anauliza, anasikiliza, anaandika. Mwishowe Rehema aliinuka, akachota maji kwa kata, akampelekea mwenyewe.

FUNZO

Jamaa zangu, mtu anaweza kuwa na mikono isiyogusa rushwa na bado akaua kwa kalamu. Shabani hakuiba. Aliacha kwenda kuona, basi, na uvivu huo ukavaa nguo za bidii ukasifiwa mbele ya watu. Ninyi mlio kwenye meza, wa bima, wa boma, wa hospitali na wa shule, msitie sahihi kitu msichokiona. Nyuma ya kila karatasi kuna mtu amelala anawangoja.

Na aliyekwisha kosa asijifiche kabatini pamoja na mafaili yake. Aseme mwenyewe, aseme yote, akubali kushuka. Mguu wa Hamisi haukurudi, na Mussa yuko kaburini. Wala mimi sisemi kuwa toba inalipa kila kitu. Nasema wagonjwa kumi na mmoja walipona njaa na maradhi kwa sababu mtu mmoja alipenda ukweli kuliko meza yake. Mtu huyo alikuwa wa kwetu. Ndiyo maana nazisimulia habari zake kwa fahari.